Kazi za Nyumbani za Hisabati: Maswali na Majibu

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nipo darasa la sita. Katika 20 − 8 + 5 nilifuata MAGAZIJUTO, nikajumlisha kwanza, nikapata 7. Nimewekewa alama ya kosa. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Wengi huteleza hapo hapo. MAGAZIJUTO, yaani Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa, hutaja JU kabla ya TO, na mwanafunzi anayekariri neno hilo bila kuelezwa zaidi hudhani kwamba kujumlisha hutangulia kutoa daima. Sivyo. Matendo hayo mawili yana hadhi sawa, na yanapokutana bila mabano hufanywa kwa kufuata mpangilio yalivyoandikwa, kutoka kushoto kwenda kulia:

20 − 8 + 5
= 12 + 5
= 17

Wewe ulipoanza na 8 + 5, ulikokotoa 20 − (8 + 5), yaani uliongeza mabano ambayo hayakuwapo kwenye swali. Mchuuzi mwenye machungwa 20 akiuza 8, kisha akaletewa mengine 5, hawezi kubaki na 7. Kugawanya na kuzidisha nako ni hivyo hivyo: 24 ÷ 4 × 2 ni 12, wala si 3. Natamani kila mwalimu alieleze jambo hili siku ile ile anapoliandika neno hilo ubaoni, kwa maana kosa likishazoeleka ni kazi kubwa kuling'oa.

Swali: Binti yangu ameulizwa: basi liliondoka saa 12:40 asubuhi, likafika saa 9:15 alasiri siku hiyo hiyo, lilitumia muda gani? Ametoa 9:15 katika 12:40 akapata saa 3 na dakika 25. Nimweleweshe vipi?

Jibu: Kwanza muulize kama safari ya kuanzia alfajiri hadi alasiri yaweza kuwa ya saa 3, na umwache akatae mwenyewe. Kisha mweleze kwamba katika saa zetu hesabu ya mchana huanzia saa 12 asubuhi, kwa hiyo 12 hiyo huandikwa 0, na swali linakuwa saa 9 dakika 15 kutoa saa 0 dakika 40. Dakika 15 hazitoshi kutoa 40, hivyo ataazima saa 1, ambayo ni dakika 60 wala si 100: 60 + 15 = 75, na 75 − 40 = 35. Upande wa saa zimebaki 8. Jibu ni saa 8 na dakika 35. Akitaka kuhakiki, ahesabu kwa vituo: hadi saa 1:00 ni dakika 20, hadi saa 9:00 ni saa 8, kisha dakika 15.

Swali: Mfanyabiashara alinunua baiskeli kwa shilingi 40,000 akaiuza kwa shilingi 46,000. Kwa nini asilimia ya faida haigawanywi kwa 46,000?

Jibu: Kwa sababu faida hupimwa kwa mtaji uliotolewa, na mtaji ni bei ya kununulia. Faida ni 46,000 − 40,000 = 6,000; kisha 6,000 ÷ 40,000 × 100 = 15, yaani asilimia 15. Ukitafuta asilimia 15 ya 40,000 utapata 6,000 ile ile.