Barua kwa mwanangu: Gari la zamani na bei ya yadi

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Morogoro hatujambo. Umeniuliza kama shilingi milioni 9 ambazo wenye yadi ya magari wamekutajia kwa gari lako, Toyota IST, ni bei ya haki, ikiwa utaiacha kwao na kuongeza fedha ili uchukue Toyota RAV4 wanayoiuza milioni 24. Kabla sijaigusa hiyo 9, nakuomba uichunguze ile 24.

Mwenye yadi ana magari mawili ya kupangia bei, na fedha anayoonekana kukuongezea kwenye moja anaweza kuirudisha kwenye jingine bila wewe kushtuka. Tuseme RAV4 hiyo hiyo anauziwa mtu wa taslimu, asiye na gari la kuacha, kwa milioni 22: hapo IST yako itakuwa imenunuliwa milioni 7, hata kama kwenye karatasi wameandika 9. Kwa hiyo mtume kaka yako akaulize bei ya mwisho ya taslimu, asitaje habari za kubadilishana, kisha wewe ujadiliane nao juu ya jambo moja tu, yaani kiasi unachoongeza. Yadi itakayokupa milioni 8 na kukudai nyongeza ya 13 ina nafuu kuliko hii inayokupa 9 na kudai 15, mradi gari unalochukua liwe la hali ile ile.

Gari lako ni namba D, yaani herufi za mwisho za namba yake zinaanza na D, na wanunuzi wa Dar es Salaam huisoma herufi hiyo kabla hawajafungua mlango, kwa kuwa inawaambia limeandikishwa nchini miaka ya karibuni au zamani. Namba huwezi kuibadilisha. Unachoweza ni kuonyesha jinsi lilivyotunzwa. Kusanya risiti za oili, tairi na shokapu, hata zile zilizofifia. Ile taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi ipeleke ikapimwe kwa mashine, kwa sababu hitilafu ndogo isiyojulikana mnunuzi huikata bei kana kwamba injini nzima imekufa. Bampa lenye mikwaruzo liache kama lilivyo, maana rangi mpya ya sehemu moja humfanya mtu aanze kuuliza uligonga nini. Injini nayo usiioshe asubuhi ya kwenda yadi. Fundi wao akiikuta inang'aa atadhani umefuta oili inayovuja, na mimi ningedhani hivyo hivyo.

Ukiliuza mwenyewe huenda ukapata zaidi, kwa sababu yadi lazima iache nafasi ya faida yake na ya matengenezo. Lakini utapokea simu za madalali usiku na mchana, na utawapa watu usiowajua gari walijaribu. Kwa kazi yako ya zamu, sioni aibu kupoteza kiasi kidogo ili ubaki na utulivu, ila kwanza ujue ni kiasi gani unapoteza, na kwa hilo zungukia yadi nyingine mbili tatu.

Kinachonitia wasiwasi kuliko bei ni karatasi. Baadhi ya yadi hulipokea gari, zikaliacha katika jina la mwenyewe mpaka zipate mteja, na katika muda huo faini za barabarani na madeni ya maegesho huendelea kuingia kwenye namba ambayo kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato (TRA) bado zinasema ni yako. Lipa madeni yaliyopo sasa, kisha utake mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa na wakili, wenye tarehe na saa ya makabidhiano, thamani ya kila gari ikiandikwa peke yake, pamoja na siku ambayo umiliki utakuwa umehamishwa. Nakala ya kadi ya gari wakiitaka uwape, lakini kadi yenyewe usiiachie kabla hamjatia saini.

RAV4 mpeleke fundi wako akaikague mchana, si jioni chini ya taa za yadi. Mkataba ukiwa tayari, nipigie picha kurasa zote unitumie nizisome kabla hujalipa.

Mama yako