Unapika bia kwa umeme Nairobi? Usingoje nyuzi 100

Mara yangu ya kwanza kupika bia kwa mashine ya umeme, nilipoteza Jumamosi nzima nikingoja nambari moja. Kioo kilisoma 94, kikapanda hadi 95, kikakwama hapo. Maji ya kimea yalikuwa yanatokota mbele ya macho yangu na jikoni kumejaa mvuke. Lakini nilikuwa nimeweka 100, na mashine yangu haianzi kuhesabu dakika za kuchemsha mpaka ifikie kiwango ulichoiwekea. Nikangoja saa mbili. Nilipokata tamaa na kuizima, yale maji yalikuwa yamepungua mno, mazito na matamu kupita kiasi. Jumatatu nikaibeba mashine kwa fundi, nikiwa na hakika heta imekufa. Akaipima, akasema ni nzima.

Ilikuwa nzima kweli. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo shinikizo la hewa linavyopungua, kwa hiyo maji ya hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Sukari ya kimea huongeza kidogo sana. Aliye Mombasa akiweka 100 ataipata. Sisi huku hatutaipata hata tukinunua heta ya ukubwa gani, maana moto ukizidi huongeza mvuke tu, si joto. Kabla ya kupika chochote, chemsha maji matupu. Yakitokota sawasawa, tazama kioo kinasoma ngapi, kisha uitumie nambari hiyo. Na kwa kuwa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, hutoa uchungu huo polepole zaidi kwenye joto la chini, mimi huchemsha dakika 75 pale maelekezo yanaposema 60.

Sasa suala la muda, ambalo ndilo huwafanya wengi waseme mashine zao ni mbovu. Hesabu yake ni rahisi, na ningependa kila mpishi aijue: zidisha lita kwa nyuzi unazotaka kupanda, kisha zidisha kwa 1.16. Jibu ni wati-saa. Tuseme una lita 25 za maji ya bomba zenye nyuzi 22, nawe unataka 66 ili utie kimea. Umepanda nyuzi 44, kwa hiyo unahitaji wati-saa 1,276. Gawanya kwa wati za mashine upate saa: mashine ya wati 2,500 itachukua dakika 31, kama hakuna joto linalopotea. Lakini hupotea, kupitia ubavuni na juu, kwa hiyo tarajia kama 40. Kwenye tokeni, ambako yuniti moja ni wati-saa 1,000, dakika 40 hizo ni zaidi kidogo ya yuniti moja na nusu, na bado hujaanza kuchemsha.

Kuna jambo jingine ambalo nililigundua baada ya kununua mita ndogo ya kuchomeka ukutani. Wati 2,500 zilizoandikwa kwenye mashine yangu ni za stima ya volti 240. Jioni, majirani wote wakiwa wamewasha vitu, soketi yangu niliwahi kuikuta kwenye 210. Unaweza kudhani hiyo ni tofauti ndogo, lakini nguvu ya heta hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe, kwa hiyo wati zangu zilishuka hadi 1,900 hivi. Zile dakika 31 za hesabu zikawa 40, hata kabla ya joto linalopotea. Tangu hapo naanza kupika saa kumi na mbili asubuhi, na tofauti naiona.

Wakati wa kupasha, funika na kuizungushia mashine blanketi kuukuu, ila lisiguse vitufe wala matundu ya hewa ya chini. Ikianza kutokota, fungua kifuniko. Povu hupanda ghafla likamwagika, tena kuna harufu ya mahindi ya kuchemsha ambayo lazima itoke na mvuke, la sivyo itabaki kwenye bia.

Najua wengine wanafikiria kuongeza heta ya pili. Fikiri kwanza kuhusu soketi. Soketi zetu ni za ampea 13, yaani kwa volti 240 mwisho wake ni wati 3,120, na huo ni mwisho, si kiwango cha kukaa nacho saa mbili mfululizo. Mashine ya wati 2,500 peke yake inavuta ampea zaidi ya 10. Ukitaka nguvu zaidi, mwite fundi wa stima mwenye leseni akuvutie waya wa mashine hiyo peke yake kutoka kwenye boksi la fyuzi, kama ule wa shawa ya umeme.

Ekstensheni nakusihi uiache kabisa. Yangu ilikuwa nyembamba, tena nimeiacha imekunjwa, na plagi ikayeyuka upande mmoja huku mtoto akicheza hatua mbili tu kutoka pale. Siku hizi mashine huchomekwa moja kwa moja ukutani, na kila baada ya dakika 20 nagusa plagi kwa nyuma. Ikiwa vuguvugu naendelea. Ikiwa moto kiasi cha kunifanya niondoe mkono, nazima swichi, hata kama maji ya kimea yamefika 90.