Wa tao wanatuchapa kabla mechi haijaanza

SWALI: Fundi, habari ya leo. Mimi na mabeste wangu wawili hapa Kisumu tunaunda gemu ya simu, karibu mwaka sasa. Ni ile ya kutembea, unashika simu, ukiangalia kwa kamera unaona mnyama amesimama kwa nyasi mbele yako, unamkamata, halafu ukikutana na mchezaji mwingine pahali kama Jomo Kenyatta Ground ama Dunga mnapiganisha wanyama wenu. Hiyo ya kukamata watu wameipenda sana. Shida ni vita. Jumamosi tuliita watu kumi na wanne waje wajaribu, msichana mmoja akatoka Ahero na matatu, amekusanya wanyama wake wiki mbili huko kwao, kufika akapangwa na jamaa wa Milimani ambaye anapita pointi ishirini, yaani zile sehemu za ramani wanyama wanapopatikana, akienda tu job. Akamalizwa kwa sekunde tisa. Akaweka simu mfukoni bila kusema kitu, na juzi ameniambia gemu ameitoa kabisa. Sasa sisi wenyewe tumegawanyika, mmoja anataka tuwaongezee nguvu watu wa mbali, mwingine anasema aliyefanya bidii ndiye ashinde. Wewe unaonaje?
Msomaji, Manyatta, Kisumu

JIBU: Ndugu yangu, hizo sekunde tisa nimekaa nazo siku mbili. Huyo msichana hakushindwa pale ground. Alishindwa wiki mbili kabla, akiwa bado Ahero, na kilichomshinda ni ramani yenu.

Angalia. Niantic, kampuni ya gemu za kutembea, walipoanza na gemu yao ya Ingress mwaka wa 2012, pointi nyingi zilipendekezwa na wachezaji wenyewe, sanamu, kanisa, mchoro wa ukutani, halafu Julai 2016 gemu yao ya kukamata viumbe, Pokémon GO, ikaja ikajengwa juu ya pointi hizo hizo, kwa hivyo pale palipokuwa na wachezaji wengi tangu zamani ndipo pakajaa na mtu wa kijijini akawa anatembea saa nzima hapati kitu. Nyinyi watatu mnaishi tao na mnatembea tao, sidhani mlianzia Ahero, mlianza na mnara wa saa, makumbusho, Jubilee Market na Oginga Odinga Street yote kutoka juu mpaka chini. Kaeni chini leo mhesabu pointi za Ahero, mziweke kando ya zile za Milimani. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kabla hamjagusa kitu kingine chochote kwa programu.

Huyo mwenzako anayetaka kuongezea watu wa mbali nguvu, moyo wake ni mzuri lakini msifanye hivyo. Kesho kila mtu atasema anaishi Muhoroni. Na yule wa Ahero siku akishinda ataambiwa alisaidiwa, na hiyo inauma kuliko kushindwa. Huyu mwingine wa bidii naye mwulize, bidii iko wapi kwa mtu anayeokota wanyama akienda kazini na njia ile angeipita tu hata kama gemu haiko?

Msimamo wangu ni huu: kutembea kumpe mtu wanyama wengi wa kuchagua, kusimpe nguvu ndani ya mechi. Pokémon GO walipoleta mechi za mchezaji kwa mchezaji Desemba 2018 waliweka ligi tatu, ya kwanza kiumbe hapiti nguvu 1500, ya pili 2500, ya tatu ndiyo haina kikomo. Ile ya 1500 ndiyo nataka muiangalie vizuri, kwa sababu mtu mwenye lile dude lake kubwa la kutisha analiacha nyumbani, haliruhusiwi kuingia, anabaki na wale wa kawaida kama wewe.

Nyinyi mnaweza kufanya rahisi zaidi, kama mizani ya sokoni Kibuye. Kila mtu anaingia na wanyama watatu na uzito wao ukijumlishwa usipite 100. Kiboko 50, mamba 35, fisi maji 15, mizani imejaa sawasawa. Ukitaka viboko wawili ni sawa, lakini nafasi ya tatu inabaki tupu. Halafu muwafunge kwa mzunguko: kiboko anamlemea mamba kwa uzito, mamba anamkamata fisi maji, fisi maji anamzunguka kiboko mpaka anachoka. Na yule fisi maji apatikane kila mahali, hata mtoni Nyando pale Ahero, kila siku, bila kulipia chochote. Sasa jamaa wa Milimani ana wanyama sitini wa kuchagua na msichana ana kumi na wawili, bado jamaa yuko mbele kidogo, sikatai, lakini kwa hao kumi na wawili kuna jibu la kila kitu anachoweza kuleta. Hapo akishindwa atajua alichagua vibaya. Atataka kurudi.

Na mbona mechi iishe kwa sekunde tisa? Hiyo inaniambia vita vyenu ni vya kugonga skrini haraka haraka. Kama ni hivyo basi anayeshinda ni simu, na bando. Pokémon GO inahesabu zamu kwa nusu sekunde, na ukiwa na mtandao wa kukwama kwama nusu sekunde inapita kabla seva, ile kompyuta kuu ya gemu, haijasikia ulichofanya, mimi mwenyewe nimepoteza mechi nyingi hivyo nikiwa kwa matatu pale Mamboleo. Badilisheni. Wapeni wote wawili sekunde nane za kuchagua kwa siri, seva ingoje mpaka imepokea ya wote ndio ifungue kwa pamoja. Mwenye simu ya elfu kumi na mwenye ya laki wanakuwa sawa hapo. Hesabu yote ya nani ameumia ifanywe na seva, simu iwe inaonyesha tu, maana chochote mkiachia simu ihesabu kuna mtu atakaa usiku kucha akiibadilisha. Kamera nayo iwe ya hiari. Simu nyingi za bei ya chini haziwezi kabisa zile picha za kuweka mnyama kwa nyasi, kwa hivyo anayetumia kamera asipate hata pointi moja zaidi ya yule anayecheza kwa ramani.

Kupanga nani akutane na nani, tumieni hesabu ya Elo, ile ya kumpa kila mchezaji alama zinazopanda akishinda na kushuka akishindwa. Arpad Elo alikuwa Mmarekani mzaliwa wa Hungary, aliitengenezea mchezo wa chess na FIDE, shirikisho la chess la dunia, wakaichukua mwaka wa 1970. Mwenye alama 1600 akikutana na mwenye 1400, inatarajiwa wa juu atashinda kama mara 76 kwa 100. Mkiweka kiwango cha kusogea, yaani kikomo cha alama zinazoweza kubadilika kwa mechi moja, kuwa 32, huyo wa juu akishinda anapata kama 8 tu, akishindwa zinamtoka 24 na zinamwendea mdogo. Tofauti ikifika 400 ni mara 91 kwa 100, na mechi kama hiyo msiipange kabisa isipokuwa wenyewe wawili wamekubaliana. Mgeni asogee haraka zaidi mpaka ajulikane kiwango chake, FIDE wenyewe wanampa kiwango cha kusogea cha 40 mpaka amalize mechi 30. Sasa najua mko watu kumi na wanne, usiku wanabaki wawili, mtamngojesha mtu mpaka asinzie. Anzeni na tofauti ya 100, kila sekunde kumi muipanue, ikifika dakika moja bila mtu mpeni achape na kompyuta, na mumwambie wazi kwamba ni kompyuta. Msimdanganye.

Halafu kuna hii ya pahali kuwa na mwenyewe. Mkiachia mtu mmoja ashike Dunga wiki nzima, wengine wataacha kwenda Dunga. Pokémon GO ilipitia hiyo, majimu yao, yale mahali pa kupigania, yalikuwa yanashikwa na watu wale wale mpaka Juni 2017 wakabadilisha mtindo, kiumbe anayelinda akawa anapungua ari kadiri saa zinavyokwenda, na sarafu anazokuletea zikawekewa kikomo cha 50 kwa siku. Igeni hiyo bila aibu. Nguvu ya mwenye pahali ipungue kila saa mpaka hata mgeni aliyeshuka tu kwa matatu aweze kumtoa.

Hata umbali wa kuingia vitani ni haki pia. Nilisimama Kondele chini ya flaiova na simu mbili mkononi, moja ikanionyesha pale pale niliposimama, nyingine ikanivusha barabara ikaniweka upande ule mwingine, na sikuwa nimesogea hata hatua. Mkiweka duara la mita 20, yule wa simu ya pili atalazimika kuingia barabarani katikati ya bodaboda ndio gemu imkubali. Niantic walikuwa na mita 40, corona ikaja wakaweka 80, na 2021 walipojaribu kurudisha 40 Marekani na New Zealand wachezaji walipiga kelele mpaka wakarudisha 80. Wekeni 80 tangu mwanzo. Yule anayetembea kwa magongo naye atafika.

Na huyo msichana, mpigieni simu. Nauli alilipa kutoka mfukoni mwake. Mtu akifika pahali mara ya kwanza apewe mnyama wa pale, akimaliza mechi tatu apewe kitu, awe ameshinda ama ameshindwa. Na aweze kuchapana akiwa kwao Ahero, ile ya ground iwe ya Jumamosi watu wakikutana. Mwanzoni mwa 2020 Pokémon GO ilikuwa inataka utembee kilomita kadhaa ndio ufunguliwe mechi za ligi, wakaja wakaiondoa mwaka huo huo, na sikumbuki mtu aliyelia ikitoka.

SWALI: Mkuu, kuna jamaa ananiharibia gemu hapa Nakuru. Nikichukua pointi ya Menengai saa tisa usiku, dakika mbili ameshaichukua. Hakuna mtu anapanda Menengai saa hiyo. Hiyo si GPS feki kweli, ile ya kuidanganya gemu kwamba uko mahali haupo?
Msomaji, Section 58, Nakuru

JIBU: Inafanana sana na feki, kaka, ingawa na wewe ulikuwa Menengai saa tisa usiku, tafadhali usirudie, hakuna pointi inayolingana na shingo yako.

Wenye gemu wanaweza kujua. Kutoka Nakuru mpaka Kisumu hata ukipita hewani ni zaidi ya kilomita 140, kwa hivyo mtu akionekana Nakuru saa nne kamili na Kisumu saa nne na dakika tano, hakuna gari la hivyo. Android pia inaweza kuiambia programu kwamba mahali palipoonyeshwa pametengenezwa. Mwendo wa mtu wa kweli una makosa madogo madogo, anasimama, anarudi nyuma, nukta inatikisika. Wa feki mara nyingi unaenda laini kama umechorwa na rula. Lakini mtu asifungiwe kwa kuruka mara moja, simu ikiwa ya zamani nukta huruka yenyewe, na kumfungia mtu asiye na makosa ni mbaya kuliko kumwacha mwizi wiki moja zaidi. Andika tarehe, saa na pointi, mara tano hivi, uwatumie. Na wewe usiweke feki yako ili mlingane, maana mkifungiwa mtafungiwa wote wawili.

SWALI: Fundi, mimi ni mama wa kijana wa miaka kumi na miwili. Gemu yake inasema vita vya lile jiwe la Ilesi vinalipa mara mbili kuanzia saa moja jioni. Ananililia kila siku nimruhusu. Nifanye nini?
Mama wa Kakamega

JIBU: Mama, umefanya vizuri kukataa, na kosa si la kijana. Aliyepanga saa hiyo ndiye amekosea. Malipo ya mara mbili giza likiingia yanamfanya mtoto achague kati ya kushindwa na kutoka nje usiku, na wenzake walio na ruhusa watakuwa wanamwacha nyuma kila siku, kwa hivyo hata kama mchezo ni sawa kwa kila kitu kingine, hapo si sawa tena. Waandikie, kwa programu yenyewe huwa kuna mahali pa kulalamika, waambie malipo hayo wayaweke mchana ama mtu achague saa yake ndani ya siku. Waulize pia ni nani alikubali wachukue mahali alipo mtoto wako, sheria ya data ya 2019 hapa Kenya inataka mzazi ndiye akubali kwa mtoto, na ukipuuzwa kuna ofisi ya Kamishna wa Data, wanapokea malalamiko.

Kijana naye usimnyime yote. Jumamosi asubuhi nendeni pamoja, lile jiwe liko kando ya barabara ya Kisumu na magari pale yanakimbia, mkishuka avuke na wewe, simu ikiwa mfukoni mwako mpaka mfike upande wa pili.