Nataka kuweka 1JZ kwenye Mark II: nimpe kazi fundi yupi?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina Toyota Mark II GX100 yenye injini ya 1G-FE, nataka kuitoa niweke 1JZ-GTE, ile ya turbo. Nimeongea na mafundi wawili. Wa kwanza anasema siku nne gari linatembea, na bei kaitaja hapo hapo kwenye simu. Wa pili kagoma kutaja bei mpaka aione injini na gari lenyewe, tena anataka zaidi ya mwezi. Rafiki zangu wananisukuma kwa wa kwanza kwa sababu ya video za magari yake yanavyonguruma. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, kijana. Video weka pembeni. Ekzosi likikatwa, hata injini iliyochoka inanguruma.

Siku nne zinatosha kutoa injini na kuingiza nyingine, hilo sibishi. Bodi ya GX100 ni ile ile ya JZX100 iliyotoka kiwandani na 1JZ, kwa hiyo vishikizo vya injini tafuta vya JZX100. Fundi akitaka kuchomelea vyuma vyake mwenyewe, akueleze kwa nini. Gia boksi ya 1G haifungi nyuma ya JZ, basi nunua injini na gia boksi yake kwa pamoja.

Kinachowalaza watu njiani ni waya. Mwambie fundi, “Nataka 1JZ-GTE,” halafu nyamaza umsikilize. Anayeijua atauliza kama ni ile ya zamani ya turbo mbili au ya VVT-i (mfumo unaorekebisha muda wa kufunguka kwa valvu) yenye turbo moja, iliyoanza 1996, maana waya na kompyuta zake hazifanani. Atauliza kama ni otomatiki au manyuali. Atauliza kama waya zimekuja nzima au aliyeitoa injini alizikata kwa kisu. Asiyeuliza lolote kati ya haya ametoa wapi bei?

Kisha omba kuona gari alilobadilisha injini mwaka jana au zaidi, siyo la wiki iliyopita, na uongee na mwenye gari fundi akiwa hayupo. Fungua boneti ufuate waya kwa macho. Ukikuta zimesokotwa kwa vidole na kufungwa utepe, zikiwa zimelala juu ya bomba la moto, shukuru uondoke. Washa swichi bila kupiga stata: taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake, kisha izimike injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu kaing’oa balbu ili usione hitilafu, na hao wapo wengi kuliko unavyodhani. Mwombe mwenye gari akuendeshe kwenye foleni AC ikiwa imewashwa, wewe jicho kwenye geji ya joto.

Wa pili namwamini zaidi, ila usimpe kazi kwa sababu tu hana haraka. Kuna magari yanayoota majani gereji kwa mafundi wa namna hiyo. Muulize nani anamfanyia umeme. Kama ni mtu wa kukodi, kutana naye huyo pia.

Angalia na hesabu atakayokuletea. 1G-FE ya awali ina nguvu za farasi 140. 1JZ-GTE ilitangazwa kuwa na 280. Unaziongeza mara mbili kwenye gari ambalo breki, difu na rejeta vilipangiwa injini ndogo. Hesabu isiyotaja breki irudishe. Pampu ya mafuta nayo iwemo, kwa sababu injini ya turbo ikikosa petroli ya kutosha inachoma pistoni.

Kabla injini haijaingia, ipimwe kampresheni ya silinda zote sita mbele yako. Injini ikiwa bado haijafungwa, badilisha mkanda wa taimingi, pampu ya maji na sili ya nyuma ya kranki. Ikishafungwa, sili hiyo ikivuja itakudai ushushe gia boksi upya.

Malipo yagawe kwa hatua, na la mwisho litoke baada ya safari ndefu yenye mlima, siyo mzunguko wa mtaani. Risiti ya injini itunze, namba yake mpya iingie kwenye kadi ya gari, na kampuni ya bima ijulishwe kabla hujaanza kulitumia.