Binti anataka kuishi kwa kuchora vitabu vya watoto hapa Dar: jibu langu

Dada yetu kauliza jana: binti yake kamaliza kidato cha nne, anachora tangu mdogo, na sasa anasema anataka kuishi kwa kuchora vitabu vya hadithi vya watoto hapa Dar. Ni kazi hiyo au ni kupoteza muda? Wengi mmemjibu akasomee uhasibu, kuchora kubaki kwa wikiendi. Mimi ndiyo kazi yangu, kodi ya nyumba hapa Mbagala inalipwa nayo, kwa hiyo niruhusuni nijibu kwa kirefu.

Ni kazi, dada. Ila binti aelewe mapema kwamba mchoraji wa kitabu cha watoto ni msimulizi. Hapambi maneno ya mtu mwingine, anasimulia nusu ya hadithi. Akilishika hilo litamsaidia mezani akichora, na litamsaidia zaidi siku ya kusaini mkataba.

Niliwahi kuletewa mswada wa mtoto aliyetumwa dukani na bibi yake. Ukurasa mmoja ulikuwa na maneno mawili tu: "Asha alichelewa." Kwa nini alichelewa, mwandishi hakusema, na hakutakiwa kusema. Nikachora uchochoro wa uswahilini kurasa mbili kwa pamoja: mama anakaanga mihogo, vijana wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, daladala imeziba njia na konda ananing'inia mlangoni. Asha yuko katikati, kaduwaa, chupa ya mafuta ya kula imelala mkononi. Pembeni nikaweka mbuzi anatafuna ncha ya khanga iliyoanikwa. Kwenye maneno mbuzi huyo hayupo kabisa. Nikamrudisha kila ukurasa, na kila ukurasa khanga inazidi kuwa fupi.

Rasimu ilipokuwa tayari tukawakalisha watoto wa mtaani kwetu mkekani, mwalimu akawasomea. Walisikiliza, lakini macho yalikuwa yanamsaka mbuzi. Baadaye kuna mmoja, hajaanza hata darasa la kwanza, alikichukua kitabu akawasimulia wenzake habari za mbuzi kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakuruka ukurasa. Mhariri aliyekuwa anataka mbuzi atolewe alinyamaza.

Sasa ugumu. Kuchora picha moja nzuri wengi wanaweza. Kinachowashinda ni kumchora Asha yule yule akikimbia, akilia, akiwa kageuka, akiwa mbali. Kama kasukwa twende kilioni mwanzoni, basi ni twende kilioni mpaka mwisho, labda hadithi yenyewe iseme kasukwa upya. Watoto wanaona haraka kuliko wahariri. Binti aanze na karatasi moja ya mhusika mmoja, amchore kila upande na kila hali, hadi mkono uzoee.

Mambo ya kiwandani atayajua akianza, nitaje machache. Kitabu cha kubana kwa pini lazima kurasa zigawanyike kwa nne, ndiyo maana utakuta kurasa 16, 24 au 32. Picha inayofika ukingoni ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3, la sivyo kisu kikiyumba kidogo unabaki mstari mweupe. Sura ya mtu isikae kwenye mkunjo. Na ile bluu ya bahari inayong'aa kwenye skrini hutoka imefifia, kwa kuwa mashine inachanganya wino wa rangi nne tu. Aombe kuona prufu, yaani nakala ya majaribio, kabla hawajachapa.

Kwa wanaosema kazi hii haina wenyewe hapa kwetu: Edward Saidi Tingatinga alianza kupaka rangi za kawaida za dukani kwenye vibao, Oysterbay, mwaka 1968, na alifariki 1972. John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, alijifunza mtindo huo wa Tingatinga hapa Dar, akauingiza kwenye vitabu vya watoto vilivyochapishwa hadi Uswisi. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania upo tangu 1991, na umeendesha warsha za waandishi na wachoraji. Wachapishaji wa vitabu Mkuki na Nyota nao walianza mwaka huo huo. Njia ipo, ingawa ni nyembamba.

Pesa. Hapa ndipo napenda dada asome taratibu. Wachapishaji wengi hapa hulipa mchoraji kwa mkupuo, kwa ukurasa au kwa kitabu kizima, na mwandishi ndiye anayepata mrabaha, yaani fungu la mauzo ya kitabu. Uingereza na Marekani ni kawaida mwandishi na mchoraji wa kitabu cha picha kugawana mrabaha. Akipewa malipo ya mkupuo si vibaya, lakini mkataba useme wamenunua nini: toleo hili tu, au picha zote milele? Mchapishaji mmoja niliyefanya naye kazi alizitoa picha zangu kwenye kalenda na mabango bila kuniuliza, na mkataba aliousaini yeye mwenyewe ulisema kitabu tu. Nilimwonyesha kipengele, tukakaa, akalipa. Bila karatasi ile ningebaki kulalamika vijiweni.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda: haki yake inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki, na ana haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyechora. Adai jina lake likae kwenye jalada, pamoja na la mwandishi. Kazi aisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukitokea ubishi ana ushahidi.

Vitabu peke yake havitamlisha miaka ya mwanzo, niseme wazi. Kuna mabango ya afya, kuta za shule za chekechea, katuni, kufundisha watoto Jumamosi. Zipo pia hadithi zenye leseni huria mtandaoni, ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia bure, kama za tovuti ya African Storybook. Zinamtambulisha, ila asizigeuze kazi yake yote.

Kuhusu chuo: TaSUBa Bagamoyo wanafundisha sanaa, na kwenye kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space pale Mikocheni atakutana na wasanii wakiwa kazini. Uhasibu akitaka asome, hesabu za mikataba atazihitaji.

Kwa sasa, dada, mpe hadithi yoyote fupi ambayo bibi yake anaijua. Aigawe kurasa 16, achore kwa penseli tu, bila rangi. Akimaliza ziweke hapa kwenye uzi, nitazipitia ukurasa kwa ukurasa.