Jina la Parokia: Barua kwa Mwanangu Aliyeuliza Asili ya Baba Yake

Kisauni, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu kabla ya kuketi kuujibu, kwa sababu ndani yake mna maswali mawili na kila moja lina uzito wake. Kwanza umeuliza niliwezaje kujua mahali hasa walikotoka watu wa baba yako kule Ireland, ilhali yeye mwenyewe, hadi tulipooana, alikuwa akisema "Cork" tu na kunyamaza. Pili umeuliza, sasa kwa kuwa mwalimu wa mjukuu wangu amewataka watoto waeleze asili zao mbele ya darasa, kama mtoto mwenye sura yake, na wewe mwenye sura yako, mna haki ya kusema kwamba Ireland ni yenu.

Yanipasa nianze kwa kueleza kwa nini kazi ile niliifanya mimi na si baba yako. Unajua kwamba kwa upande wangu sisi ni watu wa Frere Town. Mababu zangu walishushwa hapa Kisauni baada ya mwaka 1875, wakiwa wamekombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Wakabatizwa na wamisionari wa Kianglikana, wakapewa majina ya Kiingereza, na yale majina waliyokuja nayo hayakuandikwa popote. Bibi yangu aliweza kusema tu kwamba babu yake alikuwa Myao. Alitoka kijiji gani, kando ya mto gani, mama yake aliitwa nani, hapakuwa na wa kumuuliza. Kengele iliyoipa Kengeleni jina lake nimepita mbele yake tangu utotoni, na kila nilipoitazama nilijiuliza ni kitu gani kingine ambacho kingeweza kuhifadhiwa pamoja nayo. Basi nilipoolewa na mtu ambaye mababu zake waliandikwa na padri, na karani wa benki, na mpima ardhi, naye hakuwa amefungua hata karatasi moja ya habari zao, niliona kama naangalia mavuno yakioza ghalani. Sikuweza kuyaacha.

Kosa langu la kwanza lilinigharimu miaka miwili. Nilianza kutafuta Ireland kwenyewe, katika kaunti ya Cork, kwa kuwa ndilo jina tuliloachiwa, nikampata Sullivan mmoja mwenye jina na umri uliokaribiana na wa yule wa kwetu, aliyehamia Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani, nikamfuata kama ndugu. Kumbe jina la Sullivan kule kusini-magharibi hujaza parokia nzima, hata wenyeji wenyewe huziongezea koo majina ya utani ili kuzitofautisha. Nawe ujue kwamba nchi ile ndogo imegawanywa katika vitongoji zaidi ya 60,000, kila kimoja kikiwa na jina lake, na mtu asiyejua kitongoji au angalau parokia ni sawa na mtu anayemtafuta Juma wa Mombasa.

Ugumu wenyewe una historia. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za taifa lililokuwa ndani ya Four Courts, majengo ya mahakama mjini Dublin, liliteketea, na sensa za mwaka 1821 hadi 1851 zikaungua karibu zote. Zile zilizofuata hadi 1891 zilikuwa zimekwisha kuharibiwa na serikali yenyewe. Sensa kamili zilizosalia kwa kipindi hicho ni za 1901 na 1911, ambazo yeyote anaweza kuzisoma bure kwenye intaneti, lakini hazimsaidii sana mtu ambaye wazee wake waliondoka nusu karne kabla. Uandikishaji wa serikali wa vizazi na vifo vyote ulianza mwaka 1864. Kwa watu wa wakati wa njaa kuu, ile iliyoanza 1845, zinabaki hasa hazina mbili: daftari za ubatizo na ndoa za parokia za Kikatoliki, ambazo Maktaba ya Taifa ya Ireland iliziweka wazi kwa wote mwaka 2015, na ule uthamini wa ardhi unaoitwa Griffith's Valuation, uliochapishwa kati ya 1847 na 1864, unaotaja kila aliyeshika kipande cha ardhi na kila aliyekuwa mwenye ardhi juu yake. Zote mbili zinakudai jina la parokia kwanza. Na hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo laiti ningeambiwa siku ya kwanza: jina la parokia halitafutwi Ireland, hutafutwa Marekani, kule ambako mhamiaji alifika, akaulizwa ametoka wapi, akajibu.

Tatizo ni kwamba makarani wengi hawakuuliza kwa undani. Vyeti vya ndoa na vya vifo vya Massachusetts, sensa, hati za uraia za kabla ya 1906, karibu zote huandika "Ireland" na kuishia hapo. Unapaswa kuwatafuta wale waliokuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Wachonga mawe ya makaburi walikuwa na sababu, kwa kuwa wafiwa walitaka parokia ya marehemu isomeke. Gazeti la Pilot la Boston lilikuwa nayo, kwani tangu 1831 hadi 1921 lilichapisha matangazo ya watu waliokuwa wakitafuta ndugu zao waliopotea, yakitaja kijiji, meli na mwaka. Nilisoma mamia ya matangazo hayo usiku, mkiwa mmelala, nami nakiri kwamba mengine yalinitoa machozi: mama anayemtafuta mwana, mke anayemtafuta mume aliyetangulia kutafuta kazi ya reli. Na benki walikuwa na sababu kuliko wote, kwa maana mteja asiyejua kuandika jina lake hutambuliwa kwa maswali ambayo mwizi hawezi kuyajibu.

Mlango wetu ulifunguliwa na shangazi yako. Siku moja alitaja, kwa kupita tu, kwamba kaburi moja kati ya yale ya zamani pale Worcester ni la ami ya babu yao, mtu asiyeoa, aliyeishi New York kabla ya kumfuata kaka yake Massachusetts. Hakuna aliyemjali kwa kuwa hakuacha mtoto. Nami nikamfuata huyo huyo. Mwaka 1850 Waairishi wa New York walikuwa wamefungua benki yao ya akiba, Emigrant Savings Bank, na vitabu vyake vya kutambulisha wateja vimehifadhiwa katika maktaba ya umma ya jiji hilo. Mle nikamkuta: kibarua, mzaliwa wa parokia ya Tuosist, kaunti ya Kerry, jina la baba, jina la mama, kaka mmoja Worcester na dada mmoja Ireland. Kaka yake, baba wa ukoo wetu, alimpa mwanawe wa kwanza wa kiume jina lile la baba, na binti yake wa pili jina lile la mama, ambayo ndiyo desturi ya kale ya Waairishi, kurithisha majina ya babu na bibi kwa zamu. Kwetu pwani si jambo geni, na kwa sababu hiyo niliitambua mapema kuliko ambavyo baba yako angeitambua.

Basi kumbe walikuwa watu wa Kerry. "Cork" ilikuwa bandari waliyopandia. Sehemu kubwa ya ardhi ya Tuosist na ya Kenmare jirani yake ilikuwa ya kabaila mmoja, Markizi wa Lansdowne, na njaa iliyoanza 1845, viazi vilipooza shambani kwa ugonjwa wa ukungu, iliwamaliza wapangaji wake. Nchi nzima ilipoteza watu wapatao milioni moja kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni wakahama. Kufikia mwaka 1851 msimamizi wa shamba hilo, William Steuart Trench, alikuwa amepiga hesabu kwamba kuwalipia masikini nauli ya kwenda Amerika kuligharimu kidogo kuliko kuwalisha, na maelfu wakaondoka makundi kwa makundi. Wengi wao waliishia katika mtaa wa Five Points, New York, uliosifika kwa ufukara. Ni watu hao hao ambao, miaka michache baadaye, vitabu vya benki vinawaonyesha wakiweka dola moja moja. Mimi nilipoona jambo hilo nilimheshimu marehemu ami huyo kama mzee wangu mwenyewe.

Mambo mengine nitayapita haraka. Vipimo vya vinasaba vinafaa kukuonyesha binamu walio hai ambao unaweza kuwaandikia. Asilimia wanazokupa usizitegemee kwa lolote. Uraia wa Ireland kwa nasaba humfikia kwa urahisi mtu ambaye babu au bibi yake alizaliwa kisiwani humo, na sisi tuko mbali zaidi ya hapo.

Sasa swali lako la pili, ambalo nalijua limekuuma kuliko la kwanza. Ulipozaliwa, babu yako alikubeba hapa hapa Kisauni, katika ukumbi huu ninamoandikia, akasema kwamba huyu ni mtoto wa watu wa Ireland aliyezaliwa na binti yetu. Hakusema kwa kukukana. Kwa hesabu ya pwani mtoto huhesabiwa kwa nasaba ya baba yake, na mzee yule, ambaye nasaba yake mwenyewe ilikatwa na mfanyabiashara ya watu, aliona ni heri kubwa kwamba yako ilikuwa na mwanzo unaotajika. Anayekuuliza leo kwa sura yako anatumia kipimo ambacho babu yako hakukitambua.

Tena hauko peke yako katika safari hiyo. Barack Obama, ambaye baba yake ni Mjaluo wa Kogelo, ni kilembwekeza wa Falmouth Kearney, mwana wa fundi viatu wa Moneygall, kaunti ya Offaly, aliyehama mwaka 1850 akiwa na miaka 19. Binti yako naye ni kilembwekeza wa Sullivan wetu. Ngazi ni ile ile. Habari za akina Kearney zilipatikana mwaka 2007 katika daftari za parokia ya Templeharry, ambazo si za Wakatoliki bali za Waanglikana, jambo linaloonyesha kwamba mtafutaji asidhani kila Mwairishi alibatizwa na padri wa Roma. Obama alipofika Moneygall mwezi Mei 2011 alipokewa kama ndugu aliyechelewa.

Lakini mweleze binti yako urithi wote, si sehemu inayopendeza tu. Mwambie kwamba Frederick Douglass, aliyekuwa ametoroka utumwa, alikaa Ireland miezi minne mwaka 1845, akakutana na Daniel O'Connell, kiongozi wa Waairishi ambaye aliupinga utumwa hadharani, na akaandika kwamba kule alitendewa kama mwanadamu. Kisha mwambie, atakapokuwa na umri wa kuyabeba, kwamba Julai 1863 makundi ya watu wa New York, wengi wao Waairishi maskini waliokataa kuandikishwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, waliwaua watu weusi mitaani na kuchoma makao ya yatima weusi. Wawili kati ya wazee wenu walikuwa Amerika wakati huo, na mmoja aliwahi kuishi mji ule. Mtoto wa Frere Town na wa Tuosist ana sababu ya kuyajua yote mawili, na nisingependa ayasikie kwanza kutoka kwa mtu anayetaka kumwaibisha.

Kuhusu kitu cha kupeleka shuleni, apeleke mkate. Ule mkate wa magadi ambao baba yako aliuoka kila Jumamosi tulipokuwa Mombasa alikuwa akiukandia maziwa lala kwa kukosa yale ya kwao, na ulikubali vizuri: unga, chumvi, magadi ya kuokea, maziwa lala, kisha alama ya msalaba juu kwa kisu. Na amfundishe mwalimu wake salamu. Kwa Kiairishi anayeanza husema "Dia dhuit", Mungu awe nawe, na anayejibu hulazimika kuongeza, "Dia is Muire dhuit", Mungu na Mariamu wawe nawe. Majirani zetu Waislamu hapa Kisauni hujibu salamu kwa rehema na baraka juu ya amani waliyopewa, kwa hiyo nilipoisikia mara ya kwanza pale Kilmakilloge, kwenye ghuba ya Tuosist, nilimtazama baba yako tukaelewana bila kusema. Huo ulikuwa mwaka wa mwisho wa nguvu zake. Alisimama ukingoni mwa maji kwa muda mrefu, akiwa ameshika karatasi yenye jina la kitongoji nililolipata kwenye daftari la ubatizo, akalisoma kwa sauti, mara moja tu.

Ubatizo niliousoma ulikuwa wa yule dada, mdogo wao wa mwisho, ambaye kitabu cha benki kinamtaja kuwa amebaki Ireland. Baada ya hapo sijamwona tena. Nimepitia ndoa za Tuosist na za Kenmare bila kumpata, na matangazo ya Pilot nimeyamaliza hadi mwaka 1866. Daftari langu la buluu liko kwa shangazi yako, ndani ya sanduku la bati, pamoja na nakala zote. Lichukue, uanzie 1867.

Mbusu mjukuu wangu.

Mama yako