Mafunzo ya Kuhuisha Leseni: Ushauri kwa Wakala Mpya wa Nyumba Nchini Marekani

Wakala mpya wa nyumba nchini Marekani huambiwa mapema kwamba leseni yake ina tarehe ya mwisho, na kwamba atatakiwa kusoma saa kadhaa kabla ya kuihuisha. Jambo ambalo mara nyingi haambiwi ni kwamba uhuishaji wa kwanza haufanani na ule utakaofuata. Mwenzake wa ofisini aliyekaa kazini miaka kumi, akiulizwa idadi ya saa, hujibu kwa nia njema kabisa, lakini hutaja sharti linalomhusu yeye mwenyewe na wala halimhusu mgeni. Katika miaka yangu ya kuwasimamia mawakala wachanga, hapa ndipo nilipoona leseni zikipotea pasipo mwenye nazo kumkosea mteja yeyote, na ndiyo sababu naanza na jambo hili kabla ya mengine.

Hakuna leseni ya taifa zima kwa kazi hii. Kila jimbo lina sheria yake, tume au idara yake, idadi yake ya saa na kalenda yake. Florida, kwa mfano, humtaka wakala mpya wa mauzo akamilishe saa 45 za mafunzo ya baada ya leseni kabla ya tarehe yake ya kwanza ya uhuishaji, na kwa kuwa leseni za huko huisha ama tarehe 31 Machi au tarehe 30 Septemba, muda alio nao huwa kati ya miezi 18 na 24. Akishavuka hapo, kila kipindi cha miaka miwili atadaiwa saa 14 tu: 3 za sheria, 3 za maadili na mwenendo wa biashara, na 8 za masomo maalumu. Mgeni anayesoma zile 14 akidhani ametimiza wajibu hatahesabiwa kuwa amesoma sehemu. Leseni yake hubatilika, na akitaka kurudi kazini hana budi kuanza tena na kozi ya awali ya saa 63 na mtihani wa jimbo. Texas nayo humdai wakala wa mauzo, katika uhuishaji wa kwanza, saa 90 za kozi za msingi ambazo, zikijumlishwa na zile alizosoma kabla ya leseni, hufika 270, pamoja na masomo mawili ya mabadiliko ya sheria yenye saa nne kila moja. Baada ya hapo mzigo hushuka hadi saa 18 kila miaka miwili.

Majimbo mengine yana mpangilio tofauti. New York hudai saa 22.5 kila miaka miwili, na California saa 45 kila miaka minne. Muda mrefu wa California huonekana kuwa wa huruma, lakini kwa wengi ndio unaowaponza, maana miaka minne inatosha kumsahaulisha mtu kabisa, na anapokuja kukumbuka anajikuta ana saa 45 za kusoma katika majuma ambayo pia ana wateja watatu wanaosubiri kukabidhiwa funguo. Kwa hiyo, siku unapopokea leseni yako, fungua tovuti ya tume ya jimbo lako, wala si tangazo la shule inayouza kozi, na uandike mambo matatu: tarehe ya mwisho, idadi ya saa za uhuishaji wa kwanza, na masomo ya lazima yaliyomo ndani ya saa hizo. Kabla ya kulipia kozi yoyote, hakikisha kwamba shule na kozi yenyewe vyote viwili vimeidhinishwa na jimbo lako kwa kipindi hicho. Shule yenye kibali inaweza kuwa na kozi isiyo na kibali, na kozi inayokubalika katika jimbo la jirani inaweza isihesabiwe kwako hata dakika moja.

Hayo ni ya kalenda. Sasa niseme kuhusu masomo yenyewe, kwa sababu nimewasikia mawakala wengi wakiyazungumzia kama kodi ya muda ambayo mtu huilipa kwa kubofya kurasa mpaka cheti kitoke. Sikubaliani nao hata kidogo. Mteja anayekukabidhi ununuzi mkubwa kuliko wote wa maisha yake huwa anaamini kwamba unaijua sheria kama ilivyo leo, na sheria ya kazi hii hubadilika wakati wewe uko barabarani ukionyesha nyumba.

Tazama yaliyotokea mwaka 2024. Kufuatia makubaliano ya kumaliza kesi dhidi ya Chama cha Taifa cha Mawakala wa Nyumba, tangu tarehe 17 Agosti mwaka huo wakala anayetumia mfumo wa pamoja wa kuorodhesha nyumba na anayemhudumia mnunuzi anatakiwa awe na mkataba wa maandishi kabla ya kwenda naye kutazama nyumba. Mkataba huo lazima utaje malipo ya wakala kwa namna inayopimika, usiache nafasi ya kiasi kisicho na kikomo, na ueleze waziwazi kwamba malipo hayo hayakuwekwa na sheria na yanaweza kujadiliwa. Vilevile, kiasi ambacho muuzaji au wakala wake yuko tayari kumlipa wakala wa mnunuzi hakiruhusiwi tena kutangazwa ndani ya mfumo huo. Wakala aliyejifunza kazi kabla ya tarehe hiyo alizoea kumwambia mnunuzi kwamba huduma yake haimgharimu chochote. Akiendelea kusema hivyo leo, anamdanganya mteja. Somo la saa tatu kuhusu mikataba, likifundishwa na mtu anayeijua fomu ya jimbo lako mstari kwa mstari, litakupa maneno sahihi ya kumweleza mnunuzi kabla hajashika kalamu.

Lakini kama ningeambiwa nichague somo moja tu ambalo kila mgeni alisome kwa utulivu, akiwa na daftari, ningechagua haki ya makazi bila ubaguzi. Sheria ya Makazi ya Haki ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 11 Aprili 1968, siku saba baada ya kuuawa kwa Martin Luther King Jr. Ilianza kwa kukataza ubaguzi wa mbari, rangi ya ngozi, dini na asili ya kitaifa. Jinsia iliongezwa mwaka 1974, na ulemavu pamoja na hali ya kuwa na watoto mwaka 1988. Majimbo na miji mingi imeongeza makundi mengine juu ya hayo, na makundi hayo ndiyo huulizwa sana katika mitihani ya kozi na ndiyo husahaulika sana kazini.

Wengi hudhani kwamba mwenye kuvunja sheria hii ni yule anayemfungia mtu mlango. Siku hizi ubaguzi mwingi hupitia katika mazungumzo ya upole. Mwaka 2019 gazeti la Newsday lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa miaka mitatu kuhusu mawakala wa Long Island, katika jimbo la New York, ambapo watu wa mbari tofauti wenye uwezo sawa wa kifedha walijifanya wanunuzi na kurekodi mazungumzo yao kwa siri. Rekodi zilionyesha baadhi ya mawakala wakiwapeleka wateja katika mitaa tofauti kulingana na mbari zao, au wakiwadai wateja wasio weupe uthibitisho wa mkopo ambao mzungu hakudaiwa. New York iliongeza masharti ya masomo baada ya hapo, na leo ndani ya zile saa 22.5 mna masomo ya haki ya makazi, ya uelewa wa tamaduni na ya upendeleo uliofichika. California pia imeweka somo la upendeleo uliofichika, na mafunzo yake ya haki ya makazi humtaka mwanafunzi aigize nafasi ya mteja na ya wakala.

Sisi tunaozungumza Kiswahili na kuwahudumia watu wa kwetu tuna sababu ya pekee ya kulisikiliza somo hili. Mteja kutoka nyumbani, tena anayekuita kaka au dada, atakuomba kwa moyo mweupe umtafutie mtaa wenye watu wetu, au atakuuliza kama eneo fulani ni la watu wema. Yeye anaruhusiwa kutafuta anachokitaka. Wewe, mwenye leseni, huruhusiwi kumchagulia mtaa kwa kigezo cha asili ya wakazi wake, hata kama anayefaidika ni ndugu yako na hata kama ni yeye aliyeomba. Mwambie kwa heshima akutajie vigezo visivyohusu watu, yaani bei, ukubwa, umbali hadi kazini au hadi kwenye nyumba ya ibada anayoitaja mwenyewe, kisha mwonyeshe kila nyumba inayotimiza vigezo hivyo na umwache aamue. Kuhusu usalama na shule, mwelekeze kwenye takwimu zinazotolewa kwa umma azisome mwenyewe. Na unapotangaza kwa Kiswahili, tangaza huduma yako. Usiandike kwamba nyumba fulani inawafaa watu wa taifa fulani au wa dini fulani, kwa sababu sheria hii inakataza tangazo linaloonyesha upendeleo wa aina hiyo, hata pale mwandishi alipokusudia ukarimu.

Masomo ya kuchagua ndiyo yanayopotezwa zaidi, kwa kuwa watu huchukua yaliyo rahisi au yanayouzwa kwa pamoja kwa bei ndogo. Ushauri wangu ni kwamba ufungue mafaili yako ya mwaka uliopita, utazame mahali ulipolazimika kumpigia simu wakala anayekusimamia ili akuokoe, na uchague somo linaloziba pengo hilo. Ukiuza nyumba za zamani, soma kuhusu rangi ya kupaka nyumba yenye madini ya risasi: kwa nyumba ya makazi iliyojengwa kabla ya mwaka 1978, muuzaji lazima aeleze anachokijua, mnunuzi apewe kijitabu cha serikali na nafasi ya siku 10 ya kufanya ukaguzi isipokuwa wakikubaliana vingine kwa maandishi, na nakala zilizosainiwa zihifadhiwe kwa miaka mitatu. Ukiwahudumia zaidi wanunuzi wa kwanza, soma kuhusu nyaraka za mkopo, maana mkopeshaji anatakiwa kumfikishia mteja taarifa ya mwisho ya gharama angalau siku 3 za kazi kabla ya kusaini mkopo, na kama kiwango halisi cha riba kikibadilika kupita mipaka iliyowekwa, siku hizo huanza kuhesabiwa upya. Wakala asiyelijua hilo humwahidi muuzaji tarehe isiyowezekana.

Na ukihudumia wauzaji waliotoka nje ya nchi, usikose somo la kodi ya muuzaji wa kigeni. Kwa sheria ya kodi ya taifa, mnunuzi hutakiwa kuzuia sehemu ya bei na kuiwasilisha serikalini, kwa kawaida asilimia 15, kama muuzaji ni mtu wa kigeni kwa tafsiri ya kodi. Nimeona mawakala wakiwatia hofu wauzaji wenye kadi ya ukaazi wa kudumu, ilhali hao hawahesabiwi kuwa wa kigeni katika jambo hili, na nimeona wengine wakinyamaza mpaka siku ya mwisho mbele ya muuzaji anayeishi ng'ambo. Somo hili halikufanyi kuwa mshauri wa kodi, lakini litakuwezesha kumtuma mteja kwa mhasibu mapema.

Kuhusu namna ya kusoma, kozi za mtandaoni zinafaa kwa masomo ya taarifa, na darasa lenye mwalimu linafaa zaidi kwa mikataba, uwakala na maadili, kwa sababu huko utamsikia mtu akiuliza swali ambalo hukujua kwamba unalo. Gawanya saa zako katika kipindi chote. Somo ulilolisoma wakati una faili la aina hiyo mezani hukaa kichwani, na lile la usiku wa mwisho huondoka asubuhi.

Usichanganye pia masharti ya jimbo na ya chama. Mwanachama wa Chama cha Taifa, ambacho kanuni zake za maadili zilipitishwa mara ya kwanza mwaka 1913, hudaiwa mafunzo ya maadili kila miaka mitatu, nayo huenda yakahesabiwa au yasihesabiwe katika saa za leseni kutegemea kozi na jimbo. Uliza kabla ya kulipa.

Hatimaye, kumaliza masomo hakuhuishi leseni. Bado kuna maombi ya kujaza na ada ya kulipa, na katika baadhi ya majimbo shule hupeleka taarifa ya saa zako, ilhali California wewe mwenyewe ndiye unayeorodhesha kozi ulizosoma. Tunza vyeti vyote hata baada ya kuhuisha, kwa kuwa tume inaweza kuvidai baadaye. Siku chache baada ya kutuma maombi, tafuta jina lako katika orodha ya umma ya wenye leseni, uhakikishe kwamba hali yake inasomeka kuwa hai na kwamba tarehe mpya imeonekana, kisha umtumie wakala anayekusimamia nakala ya ukurasa huo. Kamisheni yako hupitia kwake, naye haruhusiwi kukulipa kwa kazi uliyoifanya wakati leseni yako imelala.